Waliokuja kwa Miguu

Sehemu kubwa ya watu waliowahi kuhamia katika nchi tunayoiita Tanzania walikuja kwa miguu. Hawakushuka kwenye jahazi wakiwa na marobota ya nguo, wala hawakuteremka melini wakiwa na hati za mashamba mkononi; walivuka mto au ziwa, wakalala njiani, wakafika. Nalisema hili mapema kwa sababu kila mjadala wa wahamiaji unapoanza nchini kwetu, iwe bungeni au kijiweni, macho ya wazungumzaji huelekea baharini: Waarabu, Wahindi, Wazungu, na siku hizi Wachina. Hao tunawaona kwa urahisi kwa kuwa rangi zao hazikuchanganyika upesi na zetu, na maduka yao na nyumba zao za ibada zipo katikati ya miji. Wale wengine, ambao naamini kwa hesabu ni wengi zaidi, wamepotea miongoni mwetu kiasi kwamba wajukuu wao ndio leo wanaouliza nani mwenyeji na nani mgeni. Mimi ni mmoja wa wajukuu hao.

Lakini pasipo mpaka hakuna mhamiaji, na mipaka yetu ni michanga. Ile ya Tanganyika ilichorwa na Wajerumani na Waingereza katika makubaliano ya mwaka 1886 na 1890, juu ya ardhi ambayo watu wake walikuwa wakihama kwa sababu za mvua, vita, biashara na ndoa bila kumwomba mtu ruhusa. Hata pwani, ambako habari zimeandikwa kwa muda mrefu zaidi, picha si ya wageni wa baharini peke yao. Ni kweli kwamba Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuta mji wa Kiislamu wenye sultani na biashara iliyofungamana na Bahari ya Hindi, na ni kweli kwamba baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja katika karne ya 19 walifuata Waomani wenye mashamba ya karafuu, Washihiri kutoka Hadhramaut, Wangazija, askari wa Kibulushi, na wafanyabiashara wa Kihindi ambao kampuni yao mojawapo, ya Jairam Shivji, ilikodishwa forodha yote ya Zanzibar. Hao ndio wanaojaza vitabu. Hata hivyo, waliochuma karafuu zenyewe waliletwa kwa nguvu kutoka bara, wengi wao wakitembea mamia ya maili hadi Kilwa au Bagamoyo kabla ya kuvushwa, na waliendelea kuletwa hadi Sultani Barghash alipolazimishwa kulifunga soko la watumwa mwaka 1873. Kisiwa kinachosifika kwa majahazi yake kilijazwa na watu waliofika pwani kwa miguu.

Bara, mfano unaonivutia kuliko wote ni wa Wangoni. Walianza safari yao huko Kusini mwa Afrika, wakikimbia misukosuko iliyofuatana na kukua kwa dola la Wazulu, na mwaka 1835 kundi lililoongozwa na Zwangendaba lilivuka Mto Zambezi. Walisonga kaskazini kwa miaka mingi, wakipigana na kuchukua mateka, na mateka hao wakageuka kuwa Wangoni wenyewe, hadi Zwangendaba alipofia Ufipa katika miaka ya 1840. Baadhi ya waliobaki ndio waliofika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Ruvuma. Kwa kipimo chochote cha kisasa hawa walikuwa wahamiaji, tena wahamiaji wenye silaha ambao waliowakuta hawakuwapenda hata kidogo. Haikupita hata miaka sitini, katika Vita vya Majimaji, viongozi wao walinyongwa na Wajerumani pale Songea, siku ya tarehe 27 Februari 1906, na leo tunawaenzi kama mashujaa wa taifa na makumbusho tumewajengea. Sijawahi kusikia mtu akimwita Songea Mbano mhamiaji. Wala sidhani kwamba tunakosea kutomwita hivyo. Ninachotaka kuonyesha ni muda mfupi kiasi gani ulitosha kulifuta jambo hilo.

Wajerumani nao walikuja na wahamiaji wao, na sisemi walowezi. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alipotumwa kuuzima upinzani wa Abushiri, aliwaajiri Wasudani mamia kadhaa huko Cairo, na wengine aliwachukua kusini mwa Msumbiji, ambao huku waliitwa Wazulu ingawa wengi wao walikuwa Washangaan. Vita vilipokwisha hawakurudi kwao. Walipewa kazi ya uaskari, wakaoa, wakajenga Dar es Salaam ilipokuwa bado mji mdogo. Mmoja wa waliotoka Msumbiji aliitwa Sykes Mbuwane. Mwanawe, Kleist Sykes, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929, na wajukuu wa Mbuwane, Abdulwahid na Ally, walikuwa mstari wa mbele katika harakati zilizozaa TANU mwaka 1954. Kwa maneno mengine, mizizi ya chama kilichodai uhuru wa Tanganyika inapita katika nyumba ya askari mgeni aliyeletwa na Mjerumani kuja kuwapiga watu wa Tanganyika. Ni jambo ambalo wapenzi wa asili safi wanapaswa kulitafakari kwa utulivu.

Sasa nifike kwenye mkonge, ambako nina la kusema langu mwenyewe. Mkonge wenyewe ni mhamiaji. Daktari Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, asili yake ikiwa Yucatán huko Mexico, na katika miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika ikiwa hai na kupandwa karibu na Pangani. Kutokana na hiyo sitini na miwili ilizuka bahari ya mashamba kuanzia Tanga na Muheza hadi Korogwe na Morogoro, ambayo kufikia miaka ya uhuru ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka na kuifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkuu duniani. Miche ilipopatikana, ikakosekana mikono. Wenyeji wa Tanga, Wabondei, Wadigo, Wasambaa na Wazigua, walikuwa na mashamba yao ya kulima na hawakuona sababu ya kwenda kuchomwa miiba kwa ujira mdogo. Watu wa kufanya kazi hiyo ilibidi watafutwe mbali, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi maalumu ya kuwakusanya, iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU. Walioletwa waliitwa manamba. Walitoka Unyamwezi, Usukuma, Ubena, Ungoni na Uha, lakini walitoka pia Urundi na Ruanda, zilizokuwa chini ya Wabelgiji, na Msumbiji chini ya Wareno, ambako Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, walioitwa Wamawia, waliona heri mkonge wa Mwingereza kuliko kodi na kazi za lazima za Mreno.

Babu yangu mzaa baba alitoka Urundi. Alivuka akiwa kijana, akafanya kazi ya kukata mkonge katika shamba moja Wilaya ya Muheza, baadaye akahamishiwa korona, yaani kiwandani ambako majani hupondwa na kubaki singa, na huko ndiko alikozeekea. Kitu pekee kilichobaki mikononi mwetu ni kipande chake kimoja: karatasi ngumu, iliyofifia rangi, yenye visanduku 30 vya siku za kazi, ambavyo nyapara alivitia alama kwa kalamu ya risasi kila siku kazi ilipokamilika. Siku isiyokamilika haikutiwa alama, na mshahara haukutoka mpaka visanduku vyote 30 vijae. Katika hicho tulicho nacho vimejaa 26. Hakuna anayejua kwa nini alikiacha kikiwa kimebakiza vinne, na babu hakupenda kuulizwa. Juu yake pameandikwa namba na jina moja tu, ambalo si la Kirundi bali ni la Kiislamu, alilolichukua baada ya kufika, na pale panapotakiwa kabila karani aliandika "Mha". Sijui kama karani alikosea au babu ndiye aliyejitaja hivyo. Lugha zao zinakaribiana mno, na kwa mtu aliyetaka kukaa, ilikuwa rahisi kuwa Mha wa Kigoma kuliko kuwa Mrundi wa Mbelgiji.

Kambi za mkonge zilipangwa kwa makabila mwanzoni, kambi ya Wabena huku na ya Wamawia kule, lakini mpangilio huo haukustahimili maisha ya kawaida. Kulikuwa na ngoma za Jumamosi na timu za mpira, kulikuwa na pombe, na zaidi ya yote kulikuwa na wanawake wachache na wanaume wengi, hivyo kila mwenye bahati alioa alikopata. Bibi yangu alikuwa Mbondei wa kijiji cha jirani. Watoto wao walizungumza Kiswahili nyumbani, Kibondei kwa mjomba, na Kirundi hawakukijua isipokuwa matusi machache. Kufikia mwaka 1961 familia hii, pamoja na maelfu ya nyingine za aina yake kandokando ya reli ya Tanga, ilikuwa haina tofauti yoyote na jirani zake. Hakuna sherehe iliyofanyika ya kuwapokea wala afisa aliyewaapisha. Walisahaulika tu, na naona kusahauliwa huko ndiko kulikuwa uraia wao wa kwanza, na pengine ulio bora zaidi. Wamakonde walienda mbali kuliko sisi: vinyago walivyovichonga watu wa uwanda wa Mueda, Msumbiji, ndivyo watalii wanavyovinunua leo Mwenge, Dar es Salaam, kama kielelezo cha sanaa ya Tanzania.

Wageni weupe wa enzi hiyo nitawapitia kwa haraka, kwa kuwa hawakuwahi kuwa wengi. Sensa ya mwaka 1957 iliwakuta Wazungu wapatao elfu ishirini tu Tanganyika nzima. Hata hivyo hawakuwa wa namna moja kama tunavyowafikiria. Walikuwepo Makaburu waliofika karibu na Mlima Meru baada ya kushindwa na Waingereza katika vita vya 1899 hadi 1902, walikuwepo Wagiriki waliokuja kujenga reli za Wajerumani na kisha kugeukia kahawa, mkonge na tumbaku, na Wajerumani wenyewe walifukuzwa mara mbili, moja kwa kila vita kuu. Lakini kundi moja linastahili tutulie nalo kidogo, kwa kuwa linaivuruga kabisa dhana kwamba mkimbizi ni mweusi na mpokeaji ni mweupe.

Mwaka 1942 walianza kufika Tengeru, nje kidogo ya Arusha, Wapolandi ambao Wasovieti waliwang'oa makwao mwaka 1940 na 1941 na kuwapeleka Siberia. Walipoachiliwa walishuka hadi Iran, na kutoka huko Waingereza wakawasambaza katika makoloni yao. Takriban watu 18,000 waliletwa Afrika Mashariki na Kusini, na kama 5,000 kati yao walikaa Tengeru peke yake, wengi wakiwa wanawake na watoto. Kambi nyingine Tanganyika zilikuwa Kidugala, Ifunda, Kondoa na Morogoro. Walilala katika nyumba za mviringo zilizoezekwa nyasi, walijenga kanisa na shule, walilima bustani zao chini ya Mlima Meru, na vita vilipokwisha wengi wao hawakutaka kurudi katika nchi iliyokuwa sasa chini ya mkono wa Stalin. Miaka michache baadaye walitawanyika kwenda Uingereza, Kanada na Australia. Makaburi yao, karibu 150, yamo ndani ya eneo ambalo leo ni chuo cha mifugo, yakitunzwa vizuri, yenye misalaba na upande mmoja nyota za Daudi, na majina ambayo wanafunzi wa chuo hawawezi kuyatamka. Nilipoyatembelea nilitafuta umri wa waliolala pale kwa kutoa mwaka wa kuzaliwa katika ule wa kufa, nikakuta baadhi yao ni watoto wadogo. Ukoloni ule uliowapa Wapolandi kambi na shule ndio uliomhesabia babu yangu visanduku, lakini siwezi kuwakasirikia Wapolandi kwa hilo.

Wahindi ni habari nyingine, na hapa sheria inaingia kwa mara ya kwanza kwa uzito. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge lilijadili muswada wa uraia, na baadhi ya wajumbe walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alisimama akawajibu kwa ukali usio wa kawaida yake, akafananisha kuwapima watu kwa rangi na alichokifanya Hitler, na kuweka wazi kwamba serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Kinachonichekesha ni mazingira ya mjadala huo. Ulifanyika katika Ukumbi wa Karimjee, jengo lililotolewa na familia ya Mabohora wenye asili ya Kutch iliyofika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na Spika wa Bunge alikuwa Abdulkarim Karimjee, wa familia hiyohiyo. Yaani wajumbe walikuwa wakimwomba Spika ruhusa ya kuhoji kama Spika ni mtu wa nchi hii.

Nyerere alishinda, na sheria iliyopita ilimpa uraia moja kwa moja aliyezaliwa Tanganyika akiwa na mzazi mmoja aliyezaliwa humo pia, huku wengine wakipewa miaka miwili ya kujiandikisha. Wahindi wengi walijiandikisha. Wengine walisitasita, wakaweka paspoti ya Uingereza kabatini kama akiba. Sheria ya kutwaa majengo ya mwaka 1971, iliyochukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, iliwagusa Wahindi kuliko kundi lolote hata kama haikuwataja, na waliokuwa na akiba kabatini waliitumia kwenda Uingereza na Kanada. Visiwani ilikuwa imeshatokea kwa umwagaji damu: baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Waarabu waliuawa au kufukuzwa, na walioweza walifika hatimaye Oman, hasa baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, ambako hadi leo utasikia Kiswahili cha Unguja katika masoko ya Muscat. Huko nao huitwa Wazanzibari.

Wakati huohuo nchi hii ilikuwa ikiwapokea wageni wa aina mpya kabisa, waliokuja kwa siasa na kwa mwaliko. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini na Namibia walipewa kambi Kongwa. Na Mazimbu, Morogoro, ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ilipewa eneo la kujenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwezi Aprili 1979. Wageni hao waliondoka karibu wote siku makwao yalipokombolewa. Wachina waliojenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975 nao waliondoka, isipokuwa waliofia kazini, ambao makumi kadhaa wao wamezikwa nje ya Dar es Salaam, upande wa Gongo la Mboto. Wachina tunaowaona Kariakoo sasa hawana uhusiano na wale, ingawa hotuba za ubalozi hupenda kuwaunganisha. Hawa ni wafanyabiashara waliokuja kwa gharama zao, na mwezi Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo za uwakala wa fedha za simu, ufundi wa simu, saluni na uongozaji wa watalii. Ukiisoma orodha hiyo utaona kwamba haikumlenga mwekezaji mkubwa hata kidogo. Inamhusu mgeni anayekaa meza ya jirani na kijana wetu, na malalamiko ya kijana huyo nayaelewa. Nisichokielewa ni kwa nini mjadala wote wa wahamiaji nchini uwe juu ya watu hawa wachache, wakati magharibi mwa nchi kuna mamia ya maelfu ambao hawatajwi.

Huko magharibi ndiko waliko waliokuja kwa miguu wa zama zetu. Watutsi wa Ruanda walianza kuvuka mwaka 1959. Mwaka 1972, baada ya mauaji ya Wahutu nchini Burundi, walivuka watu wengi zaidi, nao wakapelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, kwenye misitu ya miombo iliyokuwa na mbung'o wengi kuliko watu. Walipewa ardhi na zana, wakafyeka, na baada ya miaka michache walikuwa wanalisha mikoa jirani. Mwaka 1980 Tanzania ilitangaza kuwapa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000, na mwaka 1983 Nyerere alipokea Tuzo ya Nansen, ya Umoja wa Mataifa kwa wanaowasaidia wakimbizi, kwa sera hiyo. Halafu ikaja tarehe 28 Aprili 1994, ambapo katika muda wa saa 24 hivi watu wapatao 250,000 kutoka Ruanda walipita daraja la Rusumo kuingia Ngara, na eneo la Benaco likageuka ghafla kuwa na watu wengi kuliko karibu kila mji wa Tanzania. Miongoni mwao walikuwamo wauaji wa mauaji ya kimbari ya mwaka huo. Nadhani hapo ndipo moyo wa nchi ulipobadilika. Mwaka uliofuata mpaka na Burundi ulifungwa, Desemba 1996 Wanyarwanda waliamriwa kurudi kabla ya mwaka kwisha, na sheria mpya ya wakimbizi ya mwaka 1998 iliweka wazi kwamba mkimbizi anakaa kambini.

Lililo jema nalo niliseme. Mwaka 2014, zaidi ya Warundi 162,000 wa kundi la 1972 na watoto wao walipata uraia kwa pamoja, jambo ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya. Lakini njia ya kufika hapo ilikuwa na mwiba. Awali walielezwa kwamba uraia wao unaendana na kuhama: wangetawanywa katika mikoa mingine ili wachanganyike na Watanzania, na makazi yale yangefungwa. Watu waliofyeka msitu kwa mikono yao, wakazika wazazi wao humo, walisubiri kwa miaka vyeti vyao wakiwa hawajui watapelekwa wapi, hadi serikali ilipoachana na sharti hilo. Na mwaka mmoja tu kabla, mwaka 2013, Operesheni Kimbunga ilikuwa imewaondoa Kagera, Geita na Kigoma maelfu ya watu walioitwa wahamiaji haramu, wengine wakiwa wameishi huko miongo mingi, wameoa huko na kuzaa huko. Nilipozisikia habari hizo nilitoa kile kipande cha babu nikakiangalia tena lile neno, "Mha".

Kuna pia Wazigua wa Somalia, ambao sijui niwaweke fungu gani. Mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka maeneo ya Handeni na pwani ya Tanga katika karne ya 19, wakavushwa hadi Banadir, pwani ya Somalia, wakatoroka na kujenga vijiji vyao kando ya Mto Juba. Waliitunza lugha yao. Dola la Somalia liliposambaratika mwaka 1991 walikimbia tena. Wengine waliishia Kenya na baadaye Marekani, na wengine walifika Tanga, wakaeleza kwa Kizigua kwamba wamerudi nyumbani. Walipewa makazi Chogo, Wilaya ya Handeni, na kisha uraia. Kwenye karatasi walikuwa wakimbizi wa Kisomali, ingawa mzee wa Handeni aliyewasikia wakiongea hakuhitaji karatasi.

Kigoma sasa kuna Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini, wengi wao wakizungumza Kiswahili tangu makwao. Si mara ya kwanza watu wa upande ule wa ziwa kuvuka. Katika karne ya 19 walivuka Wamanyema, wengine kama wapagazi na wafanyabiashara, wengine kama watumwa, wakakaa Ujiji, wakasambaa Tabora hadi Dar es Salaam, na leo hakuna anayeweza kuielezea Ujiji bila wao. Hawakuwekewa uzio, kwa hiyo ilichukua vizazi viwili tu watu wakasahau walikotoka. Aliyezaliwa Nyarugusu mwaka 1997 amefikia utu uzima bila kusahauliwa hata siku moja. Ana kadi inayomtaja kuwa mkimbizi, mgawo wa chakula unaopungua mwaka hadi mwaka, na akitaka kwenda Kasulu mjini kisheria anahitaji kibali. Kifungu cha tano cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 kimeandikwa kana kwamba kila aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano ni raia, isipokuwa watoto wa wanadiplomasia na wa maadui. Katika utekelezaji anaulizwa kwanza mzazi wake ni nani. Kwa anayeomba kuandikishwa kuwa raia, sheria ileile inadai ukazi wa miaka na ujuzi wa Kiswahili au Kiingereza. Kiswahili anacho, na ukazi wake umepita miaka 25, ila miaka ya kambini haikuwahi kuhesabiwa kuwa ya ukazi, na watoto wake nao sasa wanaanza darasa la kwanza humohumo.